Mafunzo ya heshima kazini: kwa nini semina nyingi hupita bure

Malalamiko yakizidi, taasisi nyingi hufanya jambo lilelile. Wafanyakazi huitwa ukumbini, mkufunzi huja na slaidi zake, watu husikiliza kwa saa mbili, husaini karatasi ya mahudhurio, kisha hurudi kwenye meza zao. Wiki inayofuata mkuu wa kitengo bado anawakatiza watu kikaoni, na mfanyakazi mgeni bado anajibiwa kwa mkato kila anapouliza swali. Ripoti ya rasilimali watu inaonyesha kwamba mafunzo yametolewa, ilhali kilichotakiwa kubadilika kiko palepale.

Kinachoniuma hapa ni kwamba jambo lenyewe linafundishika. Upo ushahidi wa namna watu wanaofanya kazi pamoja wanavyojifunza kuheshimiana, na upo ushahidi wa namna mafunzo yanavyoshindwa. Ila huwezi kuufaidi ushahidi huo kabla ya kutenganisha mambo ambayo semina za kawaida huyatia kwenye kapu moja.

Ni utovu gani wa heshima unaofundishiwa?

Mwaka 1999 watafiti Lynne Andersson na Christine Pearson walichapisha makala ambayo wengi wanaochunguza suala hili bado huanzia hapo. Walieleza utovu wa heshima kazini kuwa ni tabia ya kiwango cha chini, inayokiuka kawaida za kuheshimiana mahali pa kazi, na ambayo nia yake ya kudhuru haiko wazi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo fundo la mambo yote.

Tazama inavyotokea. Mtu anasalimiwa, anakaa kimya. Mwenzake anaeleza jambo, yeye macho yako kwenye simu. Anachukua wazo la mwingine na kulipeleka juu kama lake. Anaandika barua pepe yenye "kama nilivyokwisha kukueleza" na kumwekea bosi nakala. Anaguna mtu fulani anapoanza kuchangia. Kila tukio, likitazamwa peke yake, ni dogo mno kufikishwa kwenye kamati ya nidhamu, na aliyelitenda ana jibu lake tayari: nilikuwa na haraka, sikukusikia, ulikuwa utani tu. Pengine ni kweli. Aliyetendewa hana njia ya kujua, na huko kutojua ndiko kunakomtesa. Anarudi nyumbani akiliwaza tukio lile, akijiuliza kama amedharauliwa kweli au ni yeye anayekuza mambo.

Kuna vitu viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa na hili. Cha kwanza ni ukatili na unyanyasaji. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unataja matendo yasiyokubalika au vitisho vya matendo hayo, hata yakitokea mara moja tu, ambayo yanalenga, yanaleta au yanaweza kuleta madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi. Anayemshika mwenzake bila ridhaa, anayemtishia, anayemtaka rushwa ya ngono, hahitaji semina ya kuongea vizuri. Hapo kuna uchunguzi, ulinzi wa aliyeumizwa na hatua za kinidhamu au za kisheria. Mwajiri anayeigeuza kesi ya namna hiyo kuwa "somo la heshima kwa kitengo kizima" anamtelekeza aliyedhurika, na nalitamka hili kwa ukali kwa sababu hutokea mara nyingi kuliko inavyokubaliwa.

Cha pili ni ukali halali wa kazi. Kuambiwa kwamba ripoti yako ina makosa, kupingwa kikaoni kwa hoja, kudaiwa kazi iliyochelewa, kunyimwa ruhusa kwa sababu zinazoeleweka: hakuna hata kimoja hapo ambacho ni kuvunjiwa heshima. Mafunzo yasipolisema hilo waziwazi, wasimamizi huanza kuogopa kusahihisha, na wafanyakazi wazembe hupata ngao mpya.

Mambo ya mavazi, namna ya kupokea simu na mpangilio wa meza yanaweza kubaki kwenye mwongozo wa mfanyakazi. Hayahitaji mkufunzi.

Kwa nini basi kujishughulisha na kiwango cha chini? Andersson na Pearson walikuwa na jibu: dharau ndogo hujibiwa kwa dharau ndogo, nayo hujibiwa kwa nyingine kubwa kidogo, mpaka siku moja mmoja anavuka mpaka. Wanaofika kwenye kamati ya nidhamu wakiwa wametukanana hadharani mara nyingi wana historia ya miezi ya kununiana ambayo hakuna aliyeiona kuwa kazi yake kuishughulikia.

Kinachoharibika

Watu wengi huamini kwamba heshima kazini ni suala la hisia: wenye ngozi nyembamba wataumia, wengine wataendelea na kazi. Jaribio lililonishawishi kinyume chake lilifanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la Pediatrics. Arieh Riskin na wenzake walichukua timu 24 za madaktari na wauguzi wanaohudumia watoto wachanga mahututi. Kila timu ilipewa mwanasesere wa mafunzo aliyewakilisha mtoto njiti ambaye hali yake inazorota ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Walijulishwa kwamba mtaalamu kutoka nje ya nchi anawafuatilia. Baadhi ya timu zilisikia kwake maneno ya kawaida. Nyingine zilisikia maneno ya kubeza kiwango cha tiba nchini mwao. Hakufoka wala kutukana, na maneno yake hayakuhusu kazi waliyokuwa wakiifanya dakika ile.

Timu zilizobezwa zilifanya vibaya zaidi katika kuutambua ugonjwa na katika kumhudumia mtoto. Watafiti walikadiria kwamba kubezwa huko kulieleza karibu asilimia 12 ya tofauti ya utendaji kati ya timu. Lakini kilicho muhimu zaidi kwa anayeandaa mafunzo ni njia iliyopitiwa na madhara hayo. Ujuzi wao wa tiba haukupotea. Walipunguza kupeana taarifa, ndipo utambuzi wa ugonjwa ukadorora. Na walipunguza kuombana msaada, ndipo utendaji wa mikono ukadorora. Mtu amedharauliwa na mgeni, naye ananyamaza mbele ya mwenzake wa timu ambaye hakumkosea kitu. Ukiielewa hatua hiyo moja, utaelewa kwa nini suala hili linamhusu kila mwajiri ambaye kazi yake hutegemea watu kuambizana mambo.

Madhara hayaishii kwa aliyelengwa. Christine Porath na Amir Erez walionyesha kwa majaribio kwamba hata anayeshuhudia tu mwenzake akidharauliwa hufanya vibaya kazi anayopewa baadaye. Utafiti wa Trevor Foulk, Andrew Woolum na Erez uliochapishwa mwaka 2016 ulikwenda mbali zaidi: dharau husambaa kama mafua, kwani aliyeipata kwa mmoja huanza kuiona hata pasipokuwepo na humpelekea mwingine.

Kuhusu gharama, Porath na Pearson walichapisha mwaka 2013 majibu ya mameneja na wafanyakazi 800 wa sekta 17. Miongoni mwa waliotendewa vibaya, asilimia 48 walisema walipunguza juhudi kwa makusudi, asilimia 80 walipoteza muda wa kazi wakiwaza tukio, asilimia 63 walipoteza muda wakimkwepa aliyewakosea, asilimia 25 walikiri kwamba hasira waliimalizia kwa wateja, na asilimia 12 waliacha kazi kwa sababu hiyo. Ni takwimu za watu kujieleza wenyewe, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo mkuu wa taasisi anayeona semina ni gharama isiyo na faida angefanya vyema kuanza na ile ya wateja.

Mahali semina inapopotea njia

Juni 2016 kikosi kazi cha tume ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira, EEOC, kilitoa ripoti kuhusu unyanyasaji kazini. Makamishna wawili waliokiongoza, Chai Feldblum na Victoria Lipnic, walikiri jambo zito: sehemu kubwa ya mafunzo yaliyotolewa kwa miaka 30 hayakufanya kazi kama nyenzo ya kuzuia, kwa sababu yalielekezwa mno katika kumkinga mwajiri dhidi ya mashtaka. Walipendekeza kujaribu mafunzo ya aina mbili, ya kuheshimiana kazini na ya kumwezesha shahidi kuingilia kati, na mwaka 2017 tume yenyewe ikaanza kuyatoa.

Utaona mantiki yake ukikaa ndani ya semina ya kawaida. Mkufunzi anasoma vifungu, anaonyesha orodha ya yaliyokatazwa, anataja adhabu. Kila aliye ukumbini anajiuliza swali moja tu: je, mimi nimo? Akijiridhisha kwamba hayumo, anafunga masikio. Anayefoka kila siku naye anajiona hayumo, kwa kuwa yeye anajiita mtu wa msimamo, mtu mkweli, mtu asiyependa uzembe. Na hakuna anachofundishwa ambacho alikuwa hakijui. Nani asiyejua kwamba kumfokea mtu mbele za watu ni vibaya?

Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa mafunzo dhidi ya unyanyasaji wa kingono katika kampuni 805 za Marekani. Mafunzo yaliyotolewa kwa mameneja, yaliyowachukulia kama watetezi wa waathirika na kuwapa mbinu za kuingilia kati, yalifuatiwa na ongezeko la wanawake katika nafasi za umeneja. Mafunzo ya wafanyakazi wote, yaliyojikita katika kuorodhesha matendo yaliyokatazwa, yalileta matokeo ya kinyume. Ukimwingiza mtu chumbani kama mshukiwa, atatoka akiwa amejihami. Ukimwingiza kama mtu mwenye jukumu na uwezo, kuna uwezekano atautumia.

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji utafiti kulibaini: kuendesha mafunzo ya kitengo kizima kwa sababu ya mtu mmoja. Kila mtu anamjua aliyekusudiwa, yeye mwenyewe anajua, na wote wanajua kwamba uongozi umeogopa kuzungumza naye ana kwa ana. Somo wanaloondoka nalo ni kwamba huyo haguswi.

Kikao badala ya mhadhara

Mwaka 2005 mfumo wa huduma za afya kwa maveterani wa Marekani ulianzisha mpango uitwao CREW. Hauna mtaala wa kusomewa watu. Kitengo kinachofanya kazi pamoja hukutana mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, kwa takriban miezi sita, kikiongozwa na mwezeshaji aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Swali la kwanza huwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: hapa kwetu, kuheshimiana kunaonekanaje?

Majibu hutofautiana kuliko mtu anavyotarajia. Kwa mmoja, heshima ni kusalimiwa kila asubuhi. Kwa mwingine, ni kuachwa afanye kazi bila kuingiliwa. Mmoja anaona kumtazama machoni anayezungumza ni kumjali. Mwenzake alilelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Yupo ambaye sauti ya juu kwake ni uchangamfu na yupo ambaye kwake ni ugomvi. Mwongozo ulioandikwa makao makuu hauwezi kuyajua haya. Watu wakiyasema mbele ya wenzao, sehemu ya zile chuki ndogo huyeyuka pale pale, kwa kuwa ile nia isiyo wazi imepata maelezo. Baada ya hapo kitengo hujichagulia mambo machache ya kufanyia kazi: namna ya kukabidhiana zamu, namna ya kumkosoa mtu, nani anazungumza kwanza kikaoni. Hujaribu, hukutana tena, hurekebisha.

Michael Leiter, Heather Laschinger na wenzao waliupima mpango huu katika hospitali za Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Vitengo 8 vilishiriki, vingine 33 vikawa vya kulinganishia. Katika vitengo vilivyoshiriki hali ya kuheshimiana iliimarika, watu waliridhika zaidi na kazi, walipunguza ile hali ya kukata tamaa na kutojali, imani kwa uongozi ilipanda na siku za kutokuwepo kazini zilipungua. Waliporudi baada ya mwaka, kuheshimiana kulikuwa kumeendelea kuimarika hata bila vikao. Utoro wa kazini, hata hivyo, ulikuwa umerudi ulikokuwa mwanzo. Naupenda utafiti huu kwa sababu haukuficha hilo: baadhi ya mafanikio hujishikilia yenyewe, mengine hudai kuendelea kutunzwa.

Sisemi kila mwajiri anaweza kutenga saa moja kila wiki kwa nusu mwaka. Lakini anayetenga saa mbili kwa mwaka ajue anachonunua. Kama muda ni mdogo, ni heri kitengo kimoja kikutane mara sita kwa nusu saa kuliko watu mia tatu kukaa ukumbini siku nzima.

Mdomo nao ufanye mazoezi

Watu huhitaji kuwa na maneno tayari. Mtu anapokatizwa mbele ya wakubwa, damu humchemka na akili hufunga. Kama hajawahi kuyatamka maneno ya kujitetea kwa staha, hatayapata dakika ile. Ndiyo maana igizo dhima, ambalo washiriki wengi hulionea aibu, lina thamani kuliko slaidi zote. Liwe la hali zinazotokea kweli hapo kazini, lichezwe na watu wawili wawili bila hadhira, na lirudiwe mpaka maneno yatoke bila kukwama.

Maneno yenyewe ni ya kawaida. "Naomba nimalizie hoja yangu, kisha nitakusikiliza." "Mkuu, nakubali kosa hilo ni langu. Naomba tuliongee ofisini kwako, si hapa." "Nilipokusalimia asubuhi hukuitikia, nikahofia labda nimekukosea. Kuna jambo?" Sentensi hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa maana inaiulizia ile nia isiyo wazi badala ya kuikisia. Mara nyingi jibu huwa ni mtoto mgonjwa nyumbani au usiku usio na usingizi.

Kukosoa pia hufanyiwa mazoezi. Msimamizi apewe sentensi aliyozoea kuitumia, kwa mfano "Hivi wewe huwa unasoma kabla ya kutuma?", aambiwe aiandike upya bila kupunguza madai. Atafika kwenye kitu kama "Jedwali la ukurasa wa tatu lina takwimu za mwaka jana, lirekebishe, nilipate kabla ya saa nane." Ya pili ni kali zaidi kwa kazi na haimgusi mtu. Wasimamizi wengi hushangaa kuona kwamba staha imewafanya waeleweke haraka.

Maandishi yana hatari yake. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake waliwataka watu watume ujumbe wa barua pepe, mwingine wa dhati na mwingine wa kejeli, kisha wakisie kama wapokeaji watatofautisha. Watumaji walitarajia kueleweka takriban asilimia 78 ya mara. Walieleweka asilimia 56, karibu sawa na kurusha sarafu. Katika makundi sogozi ya kazi, ambako ujumbe huandikwa kwa kidole kimoja mtu akiwa njiani, sioni sababu ya kudhani tunafanya vizuri zaidi. Zoezi zuri ni kuchukua ujumbe halisi uliowahi kuleta mtafaruku, ukafutwa majina, na kila mshiriki akausoma kwa sauti kama alivyousikia kichwani. Tofauti za sauti hizo zinafundisha kuliko mhadhara.

Na shahidi je? Yeye ndiye aliyesahaulika katika semina nyingi, wakati ana nafasi ambayo aliyekosewa hana: hakuna atakayemwita mtu wa kujitetea. Si lazima amkabili mkosaji. Anaweza kurudisha mazungumzo yalikokatizwa: "Ningependa kusikia alichokuwa anamalizia." Anaweza kumfuata aliyekosewa baadaye na kumwambia, "Nimeona kilichotokea. Haikuwa sawa. Unaendeleaje?" Aliyekuwa akijiuliza kama anakuza mambo amepata mtu aliyeona alichokiona yeye, na hilo peke yake huondoa nusu ya mzigo.

Mkubwa akikosekana chumbani

Lilia Cortina na wenzake walipowahoji wafanyakazi 1,180 wa sekta ya umma nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, asilimia 71 walisema wamekutana na utovu wa heshima wa namna fulani kazini ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Miongoni mwa watu wenye mamlaka makubwa kabisa katika taasisi walikofanya kazi, hadi theluthi moja walitajwa kuwa ndio waliowatendea wengine utovu huo. Wanawake walitendewa hivyo mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Sasa fikiria semina ambayo mkurugenzi anaifungua kwa hotuba ya dakika tano, kisha anaondoka kwenda kwenye "kikao muhimu". Amekwisha kufundisha. Amewaonyesha walio chini yake kwamba heshima ni somo la wadogo. Ningekuwa na uwezo wa kuweka sharti moja tu kwa kila mafunzo ya aina hii, ningetaka uongozi uanze, wakae peke yao kwanza na mwezeshaji asiye chini yao, na waulizwe swali ambalo wachache huwahi kuulizwa: ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yako alikuambia umekosea, na ulimjibuje?

Swali hilo lina uzito kwa sababu heshima ikieleweka vibaya huua. Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, na watu 583 walikufa. Ndani ya ndege ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, iliyokuwa ikianza kuruka, mhandisi wa ndege alihoji kama ndege nyingine imeshaondoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Swali halikurudiwa. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, ukiwemo ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini ni miongoni mwa ajali zilizoifanya sekta ya anga ianze kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi wao kusema. Warsha iliyofadhiliwa mwaka 1979 na NASA, shirika la anga la Marekani, ndiyo iliyoyapa mafunzo hayo msingi.

Kwa hiyo mafunzo yanayofundisha unyenyekevu wa mdogo kwa mkubwa na kuuita heshima yanarudisha watu kwenye hatari hiyo. Kuna hatari nyingine ya jirani: staha kugeuzwa kufuli. Mfanyakazi anayedai malipo yake ya saa za ziada anaambiwa "ongea kwa heshima". Mwanamke anayelalamikia ubaguzi anaambiwa sauti yake ni kali. Kanuni yoyote ya kuheshimiana inapaswa kutamka, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba kulalamika, kupinga uamuzi, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kuripoti uovu si utovu wa heshima, hata kama anayefanya hivyo ana hasira. Pasipo sentensi hiyo, mimi nisingewashauri wafanyakazi waikubali.

Asiyebadilika

Watakuwepo ambao vikao na maigizo havitawagusa. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, chini ya daktari Gerald Hickson, kilijenga utaratibu wa ngazi kwa madaktari wanaolalamikiwa. Ngazi ya kwanza imepewa jina la mazungumzo ya kikombe cha kahawa: mwenzake wa hadhi sawa, aliyeandaliwa, anamwona faraghani, anamweleza kilichoripotiwa, anasikiliza, hahukumu. Malalamiko yakijirudia, anaonyeshwa mwenendo wake kwa kumbukumbu zilizokusanywa. Yakiendelea, uongozi unaingia na mpango wenye masharti, na mwisho wa ngazi kuna nidhamu. Uzuri wake ni kwamba ngazi ya kwanza iko chini sana hivi kwamba hakuna kisingizio cha kutoipanda, na kwamba hakuna mtu, hata daktari bingwa anayeingiza mapato makubwa, aliye juu ya ngazi ya mwisho.

Kujua kama yamefaa

Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa viwango vinne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, tabia imebadilika kazini, na matokeo ya kazi yamekuwaje. Semina nyingi za heshima huishia kwenye kiwango cha kwanza, kile cha fomu inayouliza kama ukumbi ulikuwa mzuri.

Kupima tabia si kazi ngumu. Kabla ya kuanza, wafanyakazi waulizwe bila kutaja majina: katika mwezi uliopita, umekatizwa mara ngapi ukizungumza? Umepuuzwa ulipouliza? Umesitasita kuomba msaada kwa kuogopa jibu? Maswali hayohayo yarudiwe baada ya miezi sita na baada ya mwaka, na yasomwe pamoja na maombi ya uhamisho, watu walioacha kazi na siku za ugonjwa, kitengo kwa kitengo. Malalamiko yakiongezeka katika miezi ya mwanzo, uongozi usiogope. Huenda ni watu walioanza kuamini kwamba wakisema watasikilizwa.

Na yapo ambayo hakuna mafunzo yatakayoyatibu. Kitengo chenye watu wawili mahali pa watano kitakuwa na majibu ya mkato hata wote wakiwa watu waungwana, kwa kuwa mtu aliyechoka hana akiba ya subira. Katika vikao vya kitengo, mwezeshaji anapouliza "ni saa ngapi za siku ambapo hapa watu hugombana zaidi?", jibu huweza kuwa la ratiba tupu: ni saa ya kubadilishana zamu, ambapo wanaotoka wanakimbilia usafiri na wanaoingia bado hawajakabidhiwa chochote. Kusogeza makabidhiano hayo kwa robo saa, na kuilipa robo saa hiyo, ni uamuzi wa msimamizi. Basi aliye na mamlaka ya kuubadilisha mpangilio wa zamu awepo kwenye kikao hicho, na aje na ratiba mkononi.